Sufuria, Sehemu ya Pili

Filamu zilikuwa sita na Jumamosi zilikuwa tano. Ugomvi wote ulianzia hapo, na asikudanganye mtu kwamba ulianza na jambo kubwa zaidi. Ukumbi wa nyuma ya kanisa pale Guildford walipewa kwa Jumamosi tano za Agosti, kisha mafundi wangekuja kubomoa dari, kwa hiyo filamu moja ilibidi iachwe. Na kwa kuwa aliyezitengeneza alikuwa mtu wa kusifiwa dunia nzima, hakuna aliyethubutu kusema iachwe yoyote. Ilibidi watu waketi saa kumi alasiri kwenye viti vya plastiki, katika baridi ya Julai, maana nchi hii ya kusini ya dunia Julai ndiyo kipupwe, wabishane mpaka wakubaliane ni ipi iliyo dhaifu kuliko zote.

Jina la kweli la mtengenezaji huyo wengi wao hawakulijua. Walimwita Mzee wa Mvua, maana hakuna filamu yake ambayo mvua hainyeshi. Walimfahamu miaka mingi iliyopita, Bukavu, Uvira na katika kambi ya wakimbizi, kwenye vibanda vya video ambako filamu iliingia na lugha yake na kuwafikia watu kwa Kiswahili cha msimuliaji aliyesimama kando ya skrini na kipaza sauti. Msimuliaji wa wengi waliokuwa ukumbini siku ile alikuwa mmoja, Cirhuza. Huyu alifanya sauti zote: ya bibi harusi, ya polisi, ya mbuzi. Siku za kazi alipakia maboksi kwenye ghala huko Seven Hills, lakini kila baada ya miezi michache alivaa koti lake la kahawia, akasimama kando ya ukuta pale Guildford, na watu wakamwita tena Papa Micro, baba wa kipaza sauti.

Safari hii hawakumhitaji. Mugambi, Mkenya wa kazi za ofisini, kijana mwenye heshima zake, alikuwa amepata nakala safi zenye maandishi ya Kiingereza chini. Alitaka filamu zionekane kama mwenyewe alivyozikusudia, na watoto nao waweze kufuata. Papa Cirhuza angekaribisha wageni mlangoni. Cirhuza alisema ni sawa. Ukweli ni kwamba haikuwa sawa hata kidogo, lakini mtu mzima atasema nini?

Mugambi aliandika majina sita kwenye ubao mweupe: Askari wa Zamu, Mshona Viatu, Harusi ya Masika, Duka la Saa, Mwanamke wa Reli, Sufuria.

"Haya, watu wangu," alisema, "hii ni simple. Six films, five Saturdays. Moja inaenda. Ipi ndio weak?"

"Duka la Saa!" alisema Bridget, muuguzi wa Bankstown ambaye hajawahi kungoja zamu yake ya kusema. "Masaa matatu mtu anarekebisha saa. Mimi nililala, nikaamka, nikakuta bado anarekebisha ile ile."

"Bridget, hiyo ndio masterpiece yake! Wataalamu wote wanasema hivyo."

"Basi wataalamu hawajawahi kutoka night shift."

Watu wakacheka. Mugambi akajitetea, akasema iliyo dhaifu ni Askari wa Zamu, kazi ya kwanza ya mtu aliyekuwa bado anajifunza, hata kivuli cha kamera kinaonekana ukutani. Mzee mmoja akasema kivuli kile kilikuwa ndicho kizuri. Ubishi ukapamba moto, kila mtu akimsahihisha mwenzake kana kwamba alilala nyumba moja na Mzee wa Mvua. Mwisho wakamgeukia aliyezisema zote kwa mdomo wake.

"Papa Micro, toa hukumu."

Cirhuza alisimama. Maneno yake alikuwa ameyapanga tangu Jumanne.

"Sufuria," alisema.

 Sufuria ndiyo iliyowaliza watu kuliko zote, na Cirhuza mwenyewe ndiye aliyekuwa akiiita mama wa filamu.

Tuseme mapema jambo lililomtoa jasho, kwa sababu bwana huyu hakuwa na kijicho wala hakuwa amechanganyikiwa. Miaka kumi na minane iliyopita, kambini, alikuwa akiisimulia filamu hiyo kwa mara ya kwanza. Mvua inafurika, kijiji kinakimbia, dada mkubwa anakumbuka wameacha sufuria, anamtuma mdogo wake arudi kuichukua. Mto unapanda. Mwishoni wanaume wanne wa ng'ambo wanatokea wamembeba mtoto. Amekufa. Katika filamu ya Mzee wa Mvua mtoto amekufa, hakuna mjadala. Lakini siku ile Cirhuza alimwona msichana wa safu ya mbele amejifunika kitenge usoni, mabega yanamtetemeka vibaya, na huruma ikamshika akiwa na kipaza sauti mdomoni. Akasema mtoto amelala tu, amechoka. Watu wa ng'ambo wamemchukua, wamempa uji wa moto, wamemtandikia mkeka karibu na jiko. Filamu ilipokwisha msichana alimfuata nje, akamwuliza watu hao wa ng'ambo wanakaa wapi. Cirhuza akajibu kama wasimuliaji wote walivyojibu wakati ule, maana kanda zilikatika katikati na wenye vibanda walitaka watu warudi kesho: itajulikana sehemu ya pili.

Msichana huyo alikuwa Kasoki. Siku ya kukimbia vita alikuwa amemrudisha nyumbani mdogo wake Elvire, wa miaka tisa, akachukue sufuria, na Elvire hakuonekana tena. Cirhuza aliyajua hayo wiki mbili baadaye, wakati amekwisha kumpenda, akakosa ulimi wa kuyarudisha maneno yake. Tangu hapo Kasoki ameiona Sufuria mara nyingi, na kila ikifika mtoni hujifunika kitenge na kusikiliza. Mwisho wa filamu aliujua kwa sauti ya mumewe tu. Sasa ingeonyeshwa bila sauti hiyo.

Kasoki alikuwa safu ya mbele, kitenge kimekunjwa mapajani.

"Papa Déborah," alimwita mumewe kwa jina la binti yao, "unasema nini?"

"Minasema ule film ni wa uvivu," alisema Cirhuza bila kumtazama. "Franchement, kweli kabisa. Dada analia sana. Mvua inanyesha hata pa bure. Na mwisho wake hauna maana."

"Eh, hata mimi huo mwisho hunisumbua," alisema Mugambi, amefurahi kupata mwenzake. "Pale wanapompata yule msichana, wanamleta..."

"Mwisho tunaujua!" Cirhuza alipaza sauti mpaka mtoto mchanga wa nyuma akaanza kulia. "Nani hapa hajui mwisho? Tusipoteze muda!"

Mugambi akarudi ubaoni, amefedheheka. Kasoki akainuka. Hakuwa mwanamke wa kusimama mbele za watu.

"Mutu anatuma mudogo wake, mudogo anaenda, haulizi kwa nini. Mwenye kutengeneza ule film alijua batu. Ile ya saa, ile ya askari, ni ya banaume kukaa na kujiona beko na akili." Wanawake wakapiga makofi. "Na tena, Mugambi, hamukuandika sehemu ya pili. Film ni saba, si sita."

"Mama, hakuna part two," alisema Mugambi kwa upole. "Alitengeneza sita, akastaafu."

"Iko. Sisi hatukuipata tu."

Vijana wa nyuma wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ila walicheka. Kasoki akamwonyesha mumewe kwa kidole.

"Mumuulize yeye. Yeye anajua."

Watu wote wakamtazama Cirhuza. Déborah, binti yao wa miaka kumi na saba, aliyekuwa amekuja kwa kulazimishwa, naye akainua macho kutoka kwenye simu yake.

"Iko," alisema Cirhuza. "Haikufika huku."

Mikono ilipohesabiwa, Sufuria ilipata tisa na Duka la Saa tisa. Mugambi akaahirisha kura mpaka Jumamosi ijayo. Kisha, kwa wema wake wote, akachukua diski ya Sufuria akampa Kasoki mkononi. "Itazame nyumbani, mama, na Déborah akusomee. Jumamosi uje utupige na point."

*

Nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, Kasoki alienda chumbani kwa Déborah kubadilisha shuka za kitanda cha pili. Alifanya hivyo kila Jumamosi. Kitanda kile kilikuwa cha Elvire, na Déborah alikuwa amelala kando yake tangu utotoni bila ruhusa ya kuweka juu yake hata kitabu. Kila fomu ya nyumba iliyoletwa, Kasoki alitaka waandikwe watu wanne. Mara moja afisa wa nyumba aliuliza huyo wa nne yuko wapi, akajibiwa kwamba atakuja. Akatazama kompyuta yake, akamtazama Kasoki, kisha akaanza kuzungumza polepole kwa sauti kubwa kama anayezungumza na kiziwi.

Diski iliwekwa juu ya friji. Cirhuza alipita pale mara sita kabla ya chakula.

"Alhamisi niko off," alisema Kasoki. "Déborah akitoka shule tutaitazama."

"Mashine ya zamani ile, sijui kama inafanya."

"Nimeijaribu. Inafanya."

*

Jumatatu asubuhi Cirhuza alimpeleka binti yake shule kwa gari. Kwa kawaida Déborah alipanda basi, kwa hiyo alijua kuna jambo. Walipofika kwenye taa nyekundu baba akasema, akitazama mbele, "Ule film. Ukifika mwisho, usisome yenye imeandikwa. Sema yangu."

"Yours? What do you mean, yours?"

Akamweleza. Alieleza kwa kifupi na vibaya, yeye aliyezoea kuwaliza watu mia. Taa ikawa kijani, gari la nyuma likapiga honi, naye bado hajaondoka.

"So she dies," alisema Déborah. "The girl just dies."

"Katika film."

"And you want me to lie to Mum."

"Si kudanganya. Ni kutafsiri."

"Dad. That's lying."

"Umemuona mama yako anavyotandika kile kitanda? Unamuona? Basi mwambie wewe. Kaa mbele yake umwambie mutoto alikufa mtoni na sufuria mkononi. Mie sina hiyo nguvu. Nimeitafuta miaka kumi na minane, sina."

Déborah alishuka bila kuaga. Alikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu ya kitanda ambacho amekipisha maisha yake yote. Lakini alipofika langoni alijikuta anayarudia maneno ya baba yake moyoni, yale ya uji na mkeka. Aliyajua yote. Alikuwa ameyasikia pale Guildford tangu akiwa mdogo wa kubebwa.

*

Alhamisi, Cirhuza alimwambia msimamizi wake mgongo unamuuma, anaomba kuondoka saa nane. Msimamizi, kijana wa miaka ishirini na kitu, alimwambia ainame aguse vidole vya miguu mbele ya wenzake ili aone. Cirhuza akainama. Hakuvifikia, si kwa maumivu, kwa umri tu, na wenzake wakatazama pembeni. Akapewa ruhusa. Njia nzima aliendesha huku anajisikia mdogo.

Aliwakuta wamekwisha kuanza. Mapazia yalikuwa yamefungwa, heater ndogo inavuma, na kwenye televisheni mvua inanyesha. Kasoki alikuwa chini kwenye zulia, kitenge mapajani. Déborah alikuwa kwenye kochi akisoma maandishi ya Kiingereza na kuyageuza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea.

"Yeye anasema... maji iko kuja. Tutoke sasa. Leta... leta mbuzi, not that one, ingine."

"Mumuache mutoto apumzike," alisema Cirhuza, akivua koti. "Mie niko. Nitasema mwenyewe."

"Leo napenda anisomee," alisema Kasoki.

"Kiswahili yake iko mbaya."

"Iko mbaya, lakini ni ya yenye imeandikwa pale. Keti."

Akaketi. Dada mkubwa akakumbuka sufuria. Mdogo akageuka na kukimbia kwenye matope, na Kasoki akatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya siku zote. Mto ulipojaa skrini nzima, alikiinua kitenge akajifunika uso. Cirhuza akashusha pumzi. Sasa kazi ilibaki kwa mdomo wa binti yake.

Kwa muda kulikuwa na sauti ya maji tu. Msimuliaji asingeacha kimya kama kile; angejaza chura, angejaza ngurumo. Kisha wanaume wanne wakatokea kwenye ukingo. Mmoja akasema neno, na maandishi yakatokea chini: wamemkuta tangu juzi, vidole vimeshika sufuria, wameshindwa kuvifungua.

Déborah hakusoma. Alimtazama baba yake. Cirhuza alitikisa kichwa, mara moja, na macho yake yalikuwa yanamsihi vibaya mno.

"Soma," alisema Kasoki ndani ya kitenge.

"Mum..."

"Soma, mutoto."

 Jumatatu Déborah alikuwa amekataa. Lakini sasa aliona mabega ya mama yake, na akasikia huruma ile ile iliyomponza baba yake kabla yeye hajazaliwa.

"Amelala tu, amechoka," alisema. "Watu wa ng'ambo wamemchukua. Wamempa uji wa moto. Wamemtandikia mkeka karibu na jiko."

Alisema bila kukwama hata mara moja. Kiswahili chake kilinyooka ghafla kuliko siku zote, kila neno mahali pake, na ndicho kilichomsaliti.  Kasoki akakiteremsha kitenge.

Wanaume wanne walikuwa bado wanatembea kuelekea kamera. Kasoki alikuwa amefanya kazi kwenye nyumba ya wazee miaka kumi na moja. Ameosha waliokufa, amewafunga videvu, amewavusha korido na wenzake. Alijua mtu aliyelala anavyobebwa, na alijua mwingine anavyobebwa. Alitazama mpaka wakamlaza chini, mpaka dada akaja, mpaka mvua ikaisha na majina yakaanza kupanda.

"Hayo ni maneno ya baba yako," alimwambia Déborah. "Wewe neno mkeka hulijui."

Kisha akamgeukia mumewe.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kuanzia siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza nilikuona unalia. Nilitaka tu unyamaze. Sikujua habari ya Elvire, nakuapia."

"Na siku ya pili? Na mwaka wa pili? Na hapa, Guildford, kila mara mbele ya batu bote?"

"Nilikuwa nakupenda, Kasoki. Mpaka leo."

"Najua unanipenda. Sikuuliza hiyo." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimtisha Cirhuza kuliko kelele. "Elvire mie sijui iko wapi. Sijui! Hiyo 'sijui' ilikuwa yangu. Ningeilia, ningeiombea, ningeimaliza siku moja kama batu wengine. Wewe uliitoa, ukaniwekea uji na mkeka. Ndio nilikuwa nangoja. Mie mutu mzima nimecheka pale ukumbini? Hapana, nimechekwa. Juu ya sehemu ya pili."

Cirhuza alifungua mdomo. Sauti zote alizokuwa nazo, ya polisi, ya bibi harusi, ya mbuzi, hakuna hata moja iliyomfaa. Kasoki akainuka, akaenda chumbani kwa Déborah, akaketi juu ya kitanda ambacho hakuna mtu aliyewahi kukikalia tangu kinunuliwe. Wakamsikia analia. Alilia kwa sauti, bila kujifunika, mpaka jirani wa juu akagonga sakafu kwa fimbo, na hakuacha.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa, maana habari za mume na mke kupingana kuhusu filamu zilikuwa zimefika mpaka Bankstown. Wote watatu walikuja kwa gari moja.  Kwa siku mbili Kasoki alikuwa akimpikia mumewe, akimwekea chakula mezani na kuondoka.

Mugambi alikuwa na karatasi zake. Bridget alikuwa na hoja mpya dhidi ya Duka la Saa. Lakini Kasoki alisimama kabla hawajaanza.

"Nataka kusema kura yangu."

"Karibu, mama. Tuliambiwa utatupiga na point."

"Muliuliza film gani ni dhaifu kuliko zote," alisema Kasoki. "Ni sehemu ya pili ya Sufuria."

Watu wakacheka. Kasoki akangoja.

"Nimeitazama miaka kumi na minane. Ndani yake iko mutu mmoja tu, mwenye kushika micro. Ni yeye aliitengeneza. Hakuna mwingine ameiona isipokuwa mie. Na minawaambia, haina nguvu. Inakufanya ungoje tu."

Kicheko kilikufa safu moja baada ya nyingine, kuanzia mbele. Wale waliokuwa kambini ndio walioelewa kwanza, kwa sababu waliuona mwisho ule kwa macho yao, na miaka yote walikuwa wameyakubali maneno ya Papa Micro kwa kuwa yalikuwa matamu. Mwanamke mmoja akashika mdomo. Cirhuza alikaa wima kwenye kiti chake, mikono magotini, anatazamwa. Alitamani kutoka. Hakutoka.

"Sufuria muonyeshe," aliendelea Kasoki. "Muonyeshe kama ilivyo, bila sauti ya mutu. Na Jumamosi ya tano muniachie ukumbi. Nataka kufanya matanga ya mudogo wangu."

Mchungaji, aliyekuwa amekaa karibu na heater, alikohoa. "Mama Déborah, pole sana. Lakini, tuna hakika? Umepata barua? Matanga bila habari, watu watauliza."

"Sina barua. Sina habari. Batauliza, nitabajibu sijui."

 Mugambi alichukua kitambaa, akafuta Askari wa Zamu ubaoni. Jumamosi zilikuwa zimebaki nne na filamu tano. Alisimama kidogo mbele ya ubao, kalamu mkononi, kijana wa watu, kisha akaifuta Duka la Saa pia, ile aliyoiita masterpiece, kwa mkono wake mwenyewe. Bridget, kwa mara ya kwanza tangu aje nchi hii, hakusema chochote.

*

Jumamosi ya mwisho ya Agosti wanawake walileta sombe ya majani ya muhogo, wali na chai kwenye chupa kubwa, na wanaume wakapanga viti kwa duara. Mugambi alikuja na projekta yake, akauliza aweke picha gani ukutani. Aliambiwa Elvire hakuwahi kupigwa picha. Ukuta ukabaki mweupe.

Ilipofika wakati wa kueleza maisha ya marehemu, kipaza sauti kilipelekwa kwa Cirhuza, kwa mazoea tu. Yeye ndiye aliyeeleza maisha ya kila aliyekufa katika jamii ile, na aliyajua maneno ya kumfanya mjane alie vizuri. Alikishika, akakitazama, akainuka na kumpelekea mkewe. Kisha akarudi kwenye duara, na kiti kilichokuwa wazi karibu kilikuwa cha Kasoki, kitenge chake kimewekwa juu. Akakipakata, akaketi. Déborah alikuwa kando yake. Asubuhi ile, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameweka begi lake la shule juu ya kitanda cha pili, na mama yake alipita, akaliona, akaliacha.

"Jina lake Elvire," alisema Kasoki. Kipaza sauti kilikuwa karibu mno na mdomo, kikakoroma. "Alikuwa na miaka tisa. Alikuwa anaogopa kuku. Akiimba kanisani alikuwa anaweka maneno yake, na bazee banamkasirikia. Usiku alikuwa ananiwekea miguu ya baridi mgongoni."

Akakisogeza kipaza sauti mbali kidogo.

"Siku ile tulikuwa tumefika barabarani. Mie ndiye nilikumbuka sufuria. Ile ndogo, ya mshikio mmoja. Nilimwambia rudi uilete. Aliniuliza, na kifuniko?"

Cirhuza alikuwa ameoa mwanamke huyu miaka kumi na saba, na neno hilo la kifuniko hakuwahi kulisikia. Hakuwa amempa mkewe nafasi ya kulisema. Akakiinua kitenge kwa mikono miwili, akajifunika uso, na mabega yakaanza kumtetemeka mbele ya watu wote.

Kasoki alimwona. Akateremsha kipaza sauti, akangoja, na ukumbi mzima ukangoja naye. Hakuendelea mpaka mumewe alipokiondoa kitenge usoni.